Mko wawili, sufuria ya watu wanane: jinsi ya kupika chakula chepesi cha kila siku nyumbani

Wengi wetu tulijifunza kupika katika nyumba za watu wengi. Sufuria ilikuwa kubwa, unga ulipimwa kwa kiganja, mafuta yalimwagwa kwa jicho, na hakuna aliyeuliza kijiko kiko wapi. Watoto, shangazi, mgeni aliyepita kusalimia tu, wote walikula kutoka sufuria hiyo. Sasa uko Kamembe, katika chumba cha kupanga au nyumba ndogo ya vyumba viwili, na mko wawili tu, wewe na mwenzako. Watoto wengine wameoa au kuolewa, wengine wako Kiziba au Kigali, wengine walibaki ng'ambo ya mto Rusizi. Maisha yamebadilika, lakini mkono haukupata habari. Bado unapima kwa watu wanane.

Kinachobaki hakitupwi. Mtu aliyewahi kulala njaa njiani hatupi chakula, na hakuna mwenye haki ya kumwambia akitupe. Kwa hiyo kinaliwa. Mmeshashiba, lakini unasikia mwenzako anasema, "Malizia hiki kidogo, bora kiharibikie tumboni." Kesho vilevile. Baada ya mwaka mmoja au miwili mmoja wenu anaenda kituo cha afya kwa ajili ya kichwa au mgongo, anafungwa ule mkanda kwenye mkono, na muuguzi anaandika namba inayozidi 140 kwa 90. Anaambiwa apunguze chumvi, mafuta na uzito. Anarudi nyumbani na karatasi, na jioni sufuria ni ile ile.

Makala haya yanakueleza jinsi ya kubadilisha chakula hicho cha kila siku bila kununua vitu vya gharama na bila kumgeuza mmoja wenu kuwa mgonjwa wa nyumba.

Kwanza, je, yanakuhusu?

Si kila mtu anahitaji kupunguza chakula. Kama wewe au mwenzako mmekonda kuliko kawaida, kama msaada mnaopata haufiki mwisho wa mwezi na kuna siku mnaruka mlo, tatizo lenu ni upungufu, na ushauri wa kupunguza ugali na mafuta si wenu. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha, na mtu anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI wanahitaji chakula cha kutosha chenye nguvu. Wasipunguze kwa sababu tu jirani amepunguza. Na mtu mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari asikate ugali ghafla. Aongee kwanza na muuguzi au daktari wake, kwa sababu dawa ile ile ikikutana na chakula kidogo inaweza kushusha sukari mpaka mtu azimie.

Kupunguza chumvi, hata hivyo, kunamfaa karibu kila mtu mzima.

Chupa ya mafuta itakuambia

Watu wakiulizwa wanatumia mafuta kiasi gani, wanajibu "kidogo tu". Hawadanganyi. Hawajui, kwa sababu hakuna anayepima. Mizani ya jikoni hatuna, na hatuihitaji. Chukua kalamu, na siku unapofungua chupa mpya ya mafuta ya lita moja, andika tarehe juu yake. Fanya hivyo kwa pakiti ya chumvi na kwa sukari. Siku kitu kinapoisha, hesabu siku zilizopita. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia ukweli wa jikoni kwako.

Lita moja ya mafuta ina vijiko vikubwa 66 hivi. Mkitumia vijiko viwili kwa siku kwa wawili, chupa itafika mwezi mzima. Ikiisha kwa siku kumi, mnatumia zaidi ya vijiko sita kila siku. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe ya alizeti, ya soya au mawese, kina kalori 120 hivi. Piga hesabu: kila mmoja wenu anakula karibu kalori 400 za mafuta peke yake, sawa na kuongeza ugali wa zaidi ya gramu 100 za unga kila siku, ugali ambao hukuuona kwenye sahani.

Chumvi nayo ina hesabu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa, na hapo tunahesabu chumvi yote: ya mboga, ya maharage, ya samaki mkavu, ya mkate. Kwa watu wawili ni gramu 10. Pakiti ya nusu kilo basi inapaswa kufika siku 50 hata kama hamli chumvi nyingine yoyote. Ikiisha kwa wiki tatu, kila mmoja wenu anakula zaidi ya mara mbili ya kipimo. Na hapo bado hatujahesabu vile vidonge vya mchuzi vinavyouzwa kimoja kimoja dukani. Karibu nusu ya kidonge hicho, mara nyingi zaidi, ni chumvi. Anayeweka vidonge viwili kisha akaongeza chumvi "ili ikolee" ametia chumvi mara mbili.

Sukari: kilo moja kwa wawili ikiisha chini ya siku kumi, mmevuka kiwango cha juu ambacho shirika hilo hilo linataja, gramu 50 hivi kwa mtu kwa siku. Ikifika siku 20, mko vizuri.

Bila shaka wageni huharibu hesabu. Mwezi wa msiba au wa harusi usiuhesabu. Lakini mwezi wa kawaida utakuonyesha mahali pa kuanzia, na mara nyingi si pale ulipodhani. Kuna nyumba ambazo mafuta ni ya kiasi lakini chumvi inatisha. Nyingine ni chai tu inayowamaliza. Hakuna haja ya kubadilisha vitu vitatu kwa wiki moja. Anza na kile ambacho tarehe imekionyesha.

Sufuria moja, si mbili

Tuseme mume ndiye aliyeambiwa ana presha. Mama, kwa upendo, anaanza kupika sufuria mbili. Moja ni ya baba, isiyo na chumvi, imechemshwa tu, imekaa kama chakula cha hospitali. Nyingine ni ya kawaida. Siku tatu za kwanza baba anavumilia. Siku ya nne harufu ya sufuria ya pili inamshinda, anachovya tonge lake kwenye mchuzi wa mama. Wiki ya pili sufuria ya mgonjwa haipikwi tena, kwa sababu makaa ni ghali na nguvu za kuwasha imbabura mara mbili hazipo.

Kupika mara mbili kunashindwa karibu kila mara, na si kwa sababu ya makaa tu. Kunamtenga mtu. Aliyezoea kula sahani moja na mwenzake anajiona amehamishwa mezani kwake. Kuna na jambo lingine: anayeendelea kula chakula cha zamani naye yuko njiani. Presha haina maumivu ya kujulisha. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi bila dalili yoyote, mpaka siku mkono na mguu wa upande mmoja vinapokataa kusogea. Kama mmekuwa mkila sufuria moja kwa miaka 20, na mmoja ameshikwa, mwingine naye aende kupimwa.

Basi pikeni sufuria moja, na iwe nyepesi kwa wote wawili. Anayetaka chumvi zaidi asiongeze mezani. Kopo la chumvi libaki jikoni. Punguza polepole. Wiki ya kwanza toa robo ya chumvi uliyozoea, wiki ya tatu toa robo nyingine. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, na baada ya hapo chakula cha zamani ndicho kitakachokuonekea kikali. Usifanye kwa siri. Nimesikia ushauri wa kumpunguzia mtu chumvi bila kumwambia, na siuamini: akigundua, atadhani umeanza kumfanyia ubahili, na mtagombana kwa ajili ya jambo ambalo lilikuwa la kumsaidia.

Soko lina kila kitu, kwa majina matatu

Wakimbizi na wenyeji tunanunua katika soko moja lakini mara nyingi tunaita vitu majina tofauti, na mtu mpya huzunguka akitafuta kitu kilicho mbele yake. Lengalenga ya Bukavu ndiyo dodo ya hapa, na ndiyo mchicha wa Tanzania. Sombe ni isombe, na Watanzania huita kisamvu. Matembele ni majani ya viazi vitamu. Intoryi ni zile biringanya ndogo chungu za kijani au nyeupe. Sambaza ni isambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu wanaovuliwa usiku kwa taa. Hawakuwa wa ziwa hili zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayeweza kufikiria Kamembe bila wao.

Kwa chakula chepesi, hawa sambaza ni bahati. Wanaliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo wanatoa protini pamoja na madini ya mifupa. Tatizo ni namna tunavyowapika. Tukiwatumbukiza katika karai la mafuta yanayochemka, wananyonya mafuta kama sifongo, na samaki mwepesi anageuka kuwa mzito. Wapike katika nyanya na ndimu kwa dakika kumi, utapata ladha ya ziwa yenyewe. Wale wakavu wakaangwe kavu katika sufuria yenye moto mdogo bila tone la mafuta, mpaka wanukie. Kama wamekaushwa kwa chumvi, walowekwe kwanza, maji ya kwanza yamwagwe, na mboga isitiwe chumvi nyingine. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida uvuvi wa ziwa Kivu hufungwa kwa miezi miwili hivi kila mwaka ili samaki wazaliane. Wakati huo sambaza wabichi ni adimu na bei inapanda. Maharage yachukue nafasi yao, wala hamtapungukiwa.

Maharage ya Rwanda yanastahili heshima zaidi ya tunayoyapa. Tangu miaka ya 2010 wakulima hapa wamepata aina zilizoboreshwa zenye madini ya chuma zaidi, ambayo husaidia dhidi ya upungufu wa damu, na ukiuliza sokoni baadhi ya wauzaji wanazijua. Rangi si muhimu kama kuyaloweka. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa maji mapya. Yanaiva haraka na makaa yanapungua. Yakishachemka vizuri kwa nusu saa hivi, kuna wanaoitoa sufuria ikiwa imefunikwa, wanaizungushia mablanketi ndani ya kapu, na kuiacha iendelee kuiva kwa joto lake. Njia hiyo inafanya kazi, ila kabla ya kula rudisha motoni yachemke tena mpaka yaive kabisa. Maharage yasiyoiva, hasa mekundu, yanaumiza tumbo vibaya.

Kuhusu mchele wa Bugarama, viazi, ndizi, mihogo na ugali, hivi vyote ni kundi moja. Mwili unavipokea kama wanga. Ndiyo maana sahani ya "melanje" ya mikahawani, ile iliyorundikwa wali, viazi, ndizi, tambi na chipsi kisha maharage kidogo pembeni na nyama moja juu, ina sura ya vyakula vitano lakini kwa kweli ni wanga mara tano. Mkila melanje mchana, jioni kula mboga na maharage bila ugali si adhabu.

Jioni moja, kwa watu wawili

Tupike pamoja. Fufu, lengalenga na sambaza, kwa watu wawili na si zaidi.

Chukua mafungu mawili makubwa ya lengalenga. Usiogope, yakiguswa na moto yanakuwa kidogo. Osha kabla ya kukata, si baada, maana ukikata kisha ukaosha vitamini zinakwenda na maji. Kitunguu kimoja, nyanya mbili au tatu, kitunguu saumu, kipande cha seleri, pilipili kama mnapenda, ndimu moja, na kisahani cha sambaza wabichi walioshwa vizuri.

Weka sufuria motoni. Tia kitunguu na vijiko vitatu vya maji, si mafuta. Funika. Kitunguu kitalainika kwa mvuke wake. Hapa ndipo tulipokuwa tukimwaga mafuta mengi, kwa sababu tulidhani bila mafuta kitaungua. Kikianza kukauka ongeza nyanya na kitunguu saumu, funika tena mpaka nyanya zipasuke. Tia sambaza, kamulia nusu ya ndimu, subiri dakika kumi bila kukoroga sana wasivunjike. Kisha lengalenga na seleri juu, dakika tano au sita, yabaki ya kijani. Zima. Sasa ndipo tia kijiko kikubwa kimoja cha mafuta na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga mara moja. Mafuta na chumvi vinavyowekwa mwishoni vinabaki juu ya chakula na ulimi unavihisi mara moja, kwa hiyo kidogo kinatosha. Nusu ya ndimu iliyobaki iende mezani badala ya chumvi. Ndimu, pilipili, tangawizi na kitunguu saumu vinafanya kazi kubwa ya kumsahaulisha mtu chumvi.

Fufu: kikombe cha chai cha unga kisichojaa kwa kila mtu, basi. Pima kwa kikombe hicho hicho kila siku mpaka mkono ujifunze upya. Kama una sufuria kubwa tu, kukopa ndogo kwa jirani au kununua moja ya mitumba ni msaada mkubwa, kwa sababu unga kidogo katika sufuria kubwa unaonekana kama umaskini, na jicho litakulazimisha kuongeza.

Kwenye sahani, mboga ichukue nusu. Fufu iwe kama ngumi yako moja au zaidi kidogo kama umelima au umebeba mizigo siku nzima. Mtu wa kazi ngumu anahitaji zaidi kuliko anayekaa dukani, na hilo lisilete ugomvi. Kama mnakula sahani moja, kama wengi wetu tulivyolelewa, kata fufu mapema vipande viwili. Katika sahani ya pamoja anayekula haraka hula zaidi, na hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Parachichi likiwa msimu, nusu kwa kila mmoja ni zuri sana. Lina mafuta, ndiyo, lakini ya aina nzuri kwa moyo. Siku ya parachichi toa kile kijiko cha mafuta kwenye mboga.

Usiharakishe sombe

Kuna chakula kimoja ambacho kukifanya chepesi hakumaanishi kukipika haraka. Majani ya muhogo yana sumu ya asili ya sianidi. Kuyatwanga vizuri na kuyachemsha muda mrefu bila kifuniko ndiko kunakoiondoa. Muhogo mchungu nao unahitaji kulowekwa siku kadhaa kabla ya kukaushwa na kusagwa. Kongo wanaujua ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ya watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huku wakikosa protini. Kwa hiyo wakati wa sombe ubaki kama bibi alivyokufundisha. Kinachopunguzwa ni mawese na karanga.

Mawese yenyewe yana sifa na lawama. Rangi yake nyekundu ni chanzo kizuri cha vitamini A. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda na kupandisha kolesteroli. Kwa sombe ya watu wawili kijiko kikubwa kimoja kinaonekana na kinanukia. Na usiyaunguze mpaka yawe meupe. Hapo umechoma vitamini na kubakiza mafuta matupu. Intoryi nyingi, seleri na kitunguu ndani ya sombe vinaijaza sufuria na kuifanya tamu bila gharama kubwa.

Kiporo cha sombe au maharage, kama hamna friji, kiliwe kesho yake mchana baada ya kuchemka tena kweli kweli. Wali uliolala kwenye joto la chumba usiuamini. Dawa bora ya kiporo ni kutokipika. Ikitokea kimezidi, mgawie jirani kikiwa bado cha moto. Desturi hiyo tunayo pande zote mbili za mto.

Anayepika, anayepakua, anayekula

Sasa jambo ambalo halimo katika karatasi ya muuguzi.

Katika nyumba nyingi mama ndiye anapika na mama ndiye anapakua. Sahani ya baba inapata samaki, nyama na kilele cha fufu. Ya mama inapata mchuzi, fufu iliyobaki na ukoko. Matokeo yake wote wawili wanaumia kwa njia tofauti: mmoja anazidishiwa, mwingine anajaza tumbo kwa wanga bila protini, kisha anashangaa anaongezeka uzito huku damu ikipungua. Kugawa samaki sawa ni hatua ya afya kama ilivyo kupunguza chumvi. Na haigharimu hata faranga moja.

Kuna pia maneno ya watu. Mume akipungua kilo nne, majirani wanauliza, "Huyu mkewe hampikii?" Mke akipungua, wanasema ana mawazo, au wananong'ona kuhusu ugonjwa. Kwa mtu aliyekimbia, kukonda kunakumbusha siku za njiani, na sahani iliyojaa ni ishara kwamba vita vimebaki nyuma. Hili si jambo la kucheka. Ndiyo maana kumpunguzia mtu fufu kunaweza kumuumiza kuliko tunavyodhani. Ongeeni kabla. "Papa, sikupunguzii kwa sababu hakuna. Nataka tuzeeke wote." Au baba aseme, "Mama, leo napika mimi, wewe niambie kiasi."

Ndiyo, baba apike. Najua wapo watakaocheka. Lakini katika wilaya nne za Rwanda, mpango uitwao Bandebereho uliwakutanisha wanaume na wake zao kuzungumza juu ya malezi, kazi za nyumbani na kuishi bila ukatili, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanaume walioshiriki walifanya kazi za nyumbani zaidi, na ukatili dhidi ya wake zao ulipungua. Mwanamume anayeshika kijiko cha mafuta mwenyewe anaona kwa macho yake kiasi kinachoingia. Hatalalamika tena kwamba mboga haina ladha bila kujua kwa nini. Mikutano ya jioni ya familia ya mtaani kwenu, Umugoroba w'Imiryango, ni mahali pa kulizungumza hili, na mkimbizi anayeishi mtaani anaweza kukaa humo pamoja na majirani zake.

Vinywaji, kwa ufupi

Soda moja ya chupa ndogo ina sukari ya vijiko vidogo saba au zaidi. Chai ya maziwa yenye vijiko vinne, mara tatu kwa siku, inapita hapo. Punguzeni kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, na tangawizi ikaze ladha. Matunda ya kutafuna yanashiba kuliko juisi yake. Pombe, iwe ya ndizi au ya chupa, inapandisha presha na kuleta njaa ya usiku ya mishikaki. Kila mtu anajua alipo.

Kama hujapimwa

Anzeni wiki hii na kalamu na tarehe juu ya chupa. Na wakati hesabu inaendelea, nendeni pamoja kituo cha afya kilicho karibu mpimwe presha, na sukari kama kuna uwezekano, mkiwa na kadi zenu za mitiweri au karatasi mnayotumia kupata matibabu. Keti dakika tano kabla ya kupimwa, usiwe umetoka tu kupanda mlima kutoka ziwani, na usinywe kahawa dakika chache kabla. Omba uandikiwe namba zote mbili na uzitunze. Kama unameza vidonge vya presha, usiviache kwa sababu umepunguza chumvi. Endelea navyo, na daktari ndiye atakayeamua kuvipunguza akiona namba zimeshuka. Chumvi ikipungua kweli, mabadiliko yanaweza kuonekana ndani ya wiki nne hivi. Rudini wote wawili siku hiyo, na mbebe ile pakiti ya chumvi yenye tarehe mkamwonyeshe muuguzi.